Mguu wa Mkwe Ndani ya Chungu

Mama mkwe wangu alikaa kwangu Bariadi zaidi ya miezi miwili, na katika muda huo wote uso wake niliuona mara tatu tu. Zote tatu zilikuwa bahati mbaya. Asiyezijua mila zetu atadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Kwetu Wasukuma tuliolelewa vijijini, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mikono, hawali mmoja mbele ya mwenzake, na wakikutana njiani mmoja wao anaacha njia. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, nami siwalaumu. Lakini mimi, pamoja na shahada yangu ya ualimu na miaka yangu yote ya kufundisha kemia, nikimwona mama mkwe natazama chini kama mwanafunzi aliyekutwa na simu.

Sasa wachukue watu wawili wa namna hiyo, uwaweke kwenye nyumba moja yenye uwanja mmoja na choo kimoja, halafu mmoja wao awe hana mguu.

Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti miaka mingi iliyopita, baada ya gari la ng'ombe lililojaa pamba kumpindukia. Alipopona alitengenezewa mguu wa bandia. Juu una kikombe kigumu cha faiba, ambamo kigutu kinaingia, katikati una bomba, na chini una wayo wa mpira unaovalishwa kiatu. Kwa mguu huo alilima shamba lake la pamba kule Sola, akachota maji, akasomesha watoto, akamzika mumewe. Hakuwahi kumwomba mtu amshike mkono.

Mwezi wa nne alikwenda Mwanza kupimwa sukari, na wakati wa kurudi akapitia kwetu kuwaona wajukuu. Alipanga kukaa wiki moja. Siku ya tano aliteleza bafuni, na kikombe cha mguu kikapasuka kutoka ukingoni kwenda chini, ufa wa urefu wa kidole. Yeye mwenyewe hakuumia zaidi ya mchubuko wa kiwiko, Mungu ni mwema.

Vigae vya bafu lile nilivibandika mimi. Nilivichagua dukani mwenyewe, vyeupe, vinavyong'aa, na mke wangu alinionya palepale kwamba vinateleza hata vikiwa vikavu. Nilimjibu kwamba anapenda mambo ya kizamani. Kwa hiyo nilipousikia mshindo ule wa bafuni, nikiwa sebuleni nasahihisha madaftari, nilijua kosa ni la nani kabla hata mke wangu hajapiga kelele. Na sikuweza kukimbilia kumwinua, maana ni mkwe. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeupa uwanja mgongo, nikiuliza, "Ameumia? Ameumia?" kama kasuku.

Karakana ya miguu ya bandia iko Mwanza. Mke wangu alipiga simu, akaambiwa mguu mpya utapatikana, lakini foleni ni ndefu, zamu yake haitafika kabla ya Nanenane. Ikawa mama hana budi kubaki kwetu na magongo mawili.

Ndipo zikaja salamu kutoka Sola. Shemeji zake, wadogo wa marehemu baba mkwe, walisema mama asihangaike, apumzike hukohuko mjini kwa mkwewe, shamba watalivuna wao. Maneno yalikuwa matamu. Lakini kila aliyekulia kijijini anajua kwamba shamba la mjane likivunwa na wengine msimu mmoja, msimu unaofuata ni mwenyewe atakayeomba ruhusa ya kulima. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka. Mama alimwambia binti yake neno moja tu: "Nataka kwenda kwangu."

Na kwangu alikuwa anateseka, ingawa hakuna aliyemtesa. Awali nilikuwa nashinda kazini, akapata nafasi ya kujinyoosha uwanjani. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, nikawa niko nyumbani kutwa nzima. Kutoka chumba chake cha nyuma hadi chooni ni hatua kama ishirini, katikati ya uwanja, na kwa magongo hakuweza kuharakisha wala kurudi nyuma akinisikia. Asubuhi moja mke wangu, kabla ya kwenda kazini kwake zahanati, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama anakunywa uji nusu kikombe tu. Mchana hali kabisa. Anaogopa atataka kwenda chooni nawe upo."

Hilo lilinichoma kuliko ule ufa. Mtu mzima amekaa na njaa nyumbani kwangu, kwa sababu ya heshima, na kwa sababu ya vigae vyangu. Siku hiyohiyo nilianza utaratibu wa redio. Nikiwa sebuleni na mlango umefungwa, naifungulia kwa sauti kubwa, ajue kwamba uwanja ni wake. Nikitaka kutoka, naizima, nakohoa mara tatu, nasubiri. Majirani walilalamika. Mama alianza kunywa kikombe kizima, lakini chakula cha mchana bado hakugusa.

Wazo la faiba lilinijia nikikumbuka maboti ya Lamadi. Kule ufukweni, upande wa Busega, kuna mafundi wanaoziba maboti ya wavuvi yaliyopasuka kwenye miamba. Nikamwomba mke wangu ampigie tena yule mtaalamu wa Mwanza. Mtaalamu aliuliza maswali mengi, akataka picha, kisha akasema ufa uko juu, ukingoni, mbali na sehemu inayobeba uzito mkubwa. Kama yupo anayejua kazi ya faiba, abandike kiraka kwa nje tu, ndani asiguse, na mama asiukanyagie mpaka gundi ikauke kabisa. Ni wa kujishikiza tu mpaka zamu yake ifike.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Lamadi. Fundi niliyemkuta alikuwa amechuchumaa chini ya boti lililopinduliwa, vidole vyake vimejaa magamba ya gundi kavu. Alisikiliza habari za mguu bila kucheka, jambo ambalo mpaka leo namshukuru kwalo. Akanipa kipande cha kitambaa cha faiba na chupa mbili. Kubwa ni resini yenyewe, nzito kama asali, na ndogo ni dawa ya kuikazia, wao wanaiita hadina.

"Mbili za hii, moja ya hii," alisema. "Upime. Usikadirie."

"Mimi ni mwalimu wa kemia," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Basi upime, mwalimu. Hii siyo ile ya bodi za magari. Ile ukizidisha dawa inakauka upesi. Hii ukizidisha haikauki mpaka kiama. Halafu haipendi baridi. Usiku mmoja inashikika, siku saba inaaminika."

Nilimwitikia kwa heshima zote. Nilipofika Bariadi sehemu kubwa ya maneno yake nilikuwa nimeshaisahau.

Nyumbani lilinisubiri jambo ambalo kemia haina jibu lake. Mguu wa bandia wa mama mkwe ni mguu wa mama mkwe, au si mguu? Mke wangu, mwanamke wa zahanati, alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ni faiba na bomba! Ungekuwa mwavuli wake ungekataa kuushika?" Lakini nilimwona mwenyewe anasita alipoingia chumbani kwa mama yake kuuomba. Mama hakukataa wala hakukubali. Siku ya kwanza alisema atafikiri. Siku ya pili alisema kichwa kinauma. Siku ya tatu, asubuhi, mke wangu alinitokea sebuleni amebeba kitu kama mtoto mchanga, kimefungwa kwenye khanga, na mkono wa pili ameshika kuku jike mwekundu miguuni.

"Mguu huu hapa," alisema. "Na kuku huyu ni wako. Mama amemtuma mtoto wa jirani akamnunue. Anasema mpaka wa heshima hauvukwi mikono mitupu."

Niliupokea mguu kwa mikono miwili. Sijui kama imewahi kutokea mwanamume wa ukoo wetu kukabidhiwa mguu wa mkwe wake pamoja na kuku. Nilimfunga kuku kwenye mlimao, nikaupeleka mguu kwenye meza ya banda la nyuma, nikaufungua nikiwa nimegeuza uso kidogo, kwa aibu, kana kwamba unaweza kunitazama. Kikombe kilikuwa kimelainika ndani kwa miaka ya kuvaliwa, na kwenye ukingo niliona alama za vidole vyake, pale alipokishika kila asubuhi.

Kazi ya mwanzo niliifanya vizuri. Nilivaa glavu na kuziba pua, nikaupiga msasa ule ufa na kandokando yake, nikafuta vumbi kwa thina, nikakata vipande vitatu vya kitambaa, kimoja kikubwa kuliko kingine. Ikafika zamu ya kuchanganya. Kikombe cha kupimia sikuwa nacho. Shuleni vipo vingi, lakini shule ilikuwa imefungwa na ufunguo wa maabara alikuwa nao mtu aliyesafiri kwenda Mwanhuzi kwa ng'ombe zake. Mtu mvumilivu angesubiri. Mimi nilitumia vizibo.

Nieleze hapo. Nimekulia kwenye pamba, na kwenye pamba kipimo cha kila kitu ni kizibo. Vizibo kadhaa vya dawa kwa pampu moja ya maji, unapandisha mgongoni, unaingia shambani. Wadudu wakiwa wabishi, unaongeza kizibo. Mkono wangu ulijifunza hivyo tangu nikiwa na miaka kumi, na shahada haikuufundisha upya. Nikamimina vizibo sita vya resini kwa kizibo cha resini, vitatu vya hadina kwa kizibo cha hadina. Mbili kwa moja, hesabu safi. Halafu, kwa kuwa asubuhi za mwezi wa sita zina ubaridi na nilitaka ikauke upesi, nikaongeza kizibo kimoja cha hadina. Kwa wadudu wabishi.

Nilibandika, nikalainisha kwa brashi, nikautundika mguu kwenye msumari, nikamtangazia mke wangu kwamba Jumamosi mama atatembea.

Kesho yake niligusa, kidole kikanata. Nikasema ni baridi. Kesho kutwa kikanata vilevile. Siku ya nne kiraka kilikuwa kama urimbo wa kunasia ndege. Nzi wawili walikuwa wamekufa juu yake, pamoja na unyoya wa yule kuku. Jumamosi ilifika ikapita. Nilimlaumu fundi wa Lamadi, nikasema ameniuzia chupa zilizooza. Nililaumu baridi, nikalaumu viwanda, nikaitupa brashi ukutani, ikanata hukohuko. Nina hasira za karibu, mke wangu analijua hilo na huwa ananiacha zipoe. Siku hiyo alikuwa kazini. Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi bandani na mama mkwe chumbani kwake, na kati yetu ukuta wa tofali moja.

"Baba," sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta.

Niliganda. Tangu nimwoe binti yake, maneno yetu yalikuwa yanapita kwa mke wangu. Hata salamu. Mama anasema "mwangaluka" chumbani, mke wangu ananiletea mwangaluka sebuleni, narudisha mwangaluka, inapelekwa, na wote watatu tumesikia tangu mwanzo.

"Naam, mayu," nikajibu, yaani mama kwa Kisukuma, nikiutazama ukuta.

"Haijakauka?"

"Haijakauka, mayu. Nisamehe."

Akauliza, "Ulipimia nini?"

Angekuwa mwanafunzi wangu kaniuliza hivyo ningemfukuza darasani. "Kizibo," nikasema.

"Kizibo cha chupa ipi?"

"Kila dawa kwa kizibo chake."

"Vinalingana?"

Niliviangalia mezani. Cha chupa kubwa kilikuwa kipana lakini kifupi. Cha chupa ndogo kilikuwa chembamba lakini kirefu kama kidole gumba. Nikajaza maji kimoja nikamimina kwenye kingine. Cha chupa ndogo kilichukua zaidi.

"Havilingani," nikasema.

"Ukaongeza?"

Alijuaje? "Kimoja tu, mayu."

Nilimsikia akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, cheko dogo la puani. "Wanaume wote wa pamba mna mkono huo. Mume wangu aliniunguzia nusu ekari kwa kuongeza kimoja tu. Majani yalikauka, wadudu wakabaki." Kisha akasema kwa upole, "Ondoa hiyo, baba. Uanze tena. Mimi nipo."

Alisema "mimi nipo", mtu ambaye hakutaka kitu kingine duniani ila kuondoka. Shamba lake lilikuwa linavunwa na mikono ya watu, amekaa na njaa kwa ajili yangu, nimempotezea wiki nzima kwa kizibo, na bado ananibembeleza mimi. Nilikaa juu ya ndoo macho yakinichoma, na haikuwa thina.

Ukweli ni kwamba jambo lile nalifundisha kila mwaka. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba chembe za dutu mbili zinazoungana ni kama watu kwenye harusi, kila mmoja lazima apate mwenzake. Ukileta mabwana harusi wengi kuliko mabibi, waliobaki hawaendi nyumbani, wanazurura ukumbini na kuharibu shughuli. Hadina yangu iliyozidi ilikuwa inazurura kwenye kiraka, na hakuna jua wala siku ambazo zingeiondoa.

Kukwangua urimbo ule kulinichukua siku mbili, kwa kisu, thina na msasa. Mke wangu aliniletea sirinji mbili mpya zisizo na sindano. Safari hii nilipima mililita ishirini kwa kumi, nikairudia hesabu kwa sauti, na upande wa pili wa ukuta nikasikia, "Eeh." Nilikoroga taratibu hadi mistari ikapotea, nikaipaka kabla haijaanza kupata joto, nikakandamiza vitambaa vitatu mpaka viputo vya hewa vikaisha.

Ilibaki baridi. Mama aliuliza gundi ile inataka nini, nikamwambia inataka joto la wastani, mfululizo, isipigwe na upepo wala vumbi. Akafikiri. Wakati ule kwetu ndio msimu wa kuanika michembe, viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa, na yeye alikuwa ameanza kuwaanikia wajukuu juu ya jiwe bapa lililoko uwanjani. Kila mwaka nasema nitalivunja jiwe lile, na kila mwaka linanishinda.

"Kile chungu cheusi cha maji mlichokitupa nyuma ya choo," alisema, "kizima?"

"Kizima, mayu."

"Kilaze juu ya jiwe saa nne, jiwe likiwa limeshiba jua. Ingiza huo mguu, ziba mdomo kwa gunia. Jioni ukilete ndani, karibu na ukuta wa jiko, kabla jiwe halijapoa."

Mguu haukuingia wote. Kikombe na bomba viliingia, wayo ukabaki nje pamoja na kiatu chake cha zamani. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni, kwenye uwanja wa mwalimu wa kemia, kulikuwa na chungu kimelala juu ya jiwe, kimezungukwa na michembe, na mguu wa mwanamke umetokeza mdomoni kwake ukiwa umevaa kiatu. Jirani mmoja alikuja kuazima kamba, akakitazama chungu, akanitazama mimi, akasema atarudi baadaye. Kamba yenyewe akaenda kuiazima kwingine.

Nilipitisha mkono ndani ya kile chungu mchana wa kwanza. Palikuwa na joto zuri, la sawasawa, kama la kitanda kilichoachwa sasa hivi. Jioni kiraka hakikunata. Asubuhi ya tatu nilikigonga kwa ukucha kikalia ko, kikavu, kama mfupa. Nilikimbia mpaka ukutani.

"Mayu! Imekauka! Unaweza kuujaribu leo!"

"Fundi alisema siku ngapi?"

"Saba."

"Leo ya ngapi?"

Nikarudi bandani. Siku nne zilizobaki nilizitumia bafuni. Nilimwaga zege jembamba juu ya vigae vyangu vyeupe, nikalichora kwa ufagio wa chelewa likiwa bichi, likawa na mikwaruzo kama gome la mti. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama uzuri wote ule ukifunikwa. Hakusema "nilikwambia", na hilo nalo nimeliweka kwenye shukrani zangu. Pia nilikwenda sokoni nikanunua raba mpya za kijani zenye meno chini, nikauvalisha mguu wa bandia moja, na ya pili nikampa mke wangu aipeleke kwa mwenye mguu mwingine.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Nilijiandaa kutoka kwenda matembezini, kama ilivyonipasa. Mke wangu akaniletea ujumbe. "Mama anasema usiende. Usimame pale kwenye mlimao, ugeuke."

Nikasimama, uso umeelekea ukuta, yule kuku mwekundu akinidonoa kamba za viatu. Nilisikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Kisha hatua. Moja laini, moja nzito kidogo yenye mlio wa bomba, laini, nzito. Zilipita nyuma yangu zikaenda mpaka getini. Zikageuka. Sikusikia gongo. Nilikuwa nauona ufa wa tofali mbele ya macho yangu. Kila hatua nzito ilipotua nilisubiri mlio wa kupasuka, na kila mara haukuja. Alizunguka uwanja mara tatu, akaenda bafuni, akakanyaga zege langu la mikwaruzo, akatoka. Hatua zikasimama nyuma yangu, mbali kiasi cha heshima.

"Wabeja, baba," alisema.

Nilitaka kumwambia mimi ndiye wa kushukuru, kwamba amenifundisha kupima, amenifundisha kusubiri, na amenisamehe vigae bila kuvitaja hata mara moja. Nilichoweza kusema ni "wabeja, mayu," nikiliambia tofali.

Aliondoka kesho yake na gari la asubuhi. Mke wangu alimsindikiza. Kule Sola, nilivyosikia, shemeji zake walimkuta shambani alfajiri amefunga gunia kiunoni, anachuma pamba, mistari miwili ameshaimaliza. Walimwamkia, wakauliza habari za mjini, wakaingia kumsaidia kwenye mistari aliyowaonyesha yeye.

Baada ya Nanenane zamu yake ilifika, akaenda Mwanza akapewa mguu mpya. Wakati wa kurudi alilala kwetu siku moja. Jioni nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari, mke wangu akaingia na gunia dogo la michembe, na kwapani kitu kimefungwa kwenye khanga ileile.

"Mama anasema huu mguu wa zamani nimpe fundi wake," alisema.

Nilikifungua mapajani. Safari hii sikugeuza uso. Kiraka kilikuwa kimegeuka manjano, kina mikwaruzo ya miiba, lakini pembe zote zilikuwa zimeshika. Kwenye kiungo cha bomba palikuwa na udongo mweusi wa mbugani uliokauka, na nyuzi za pamba zimenasa kwenye skrubu. Nikaupindua kutazama chini. Raba ile niliyoinunua mpya mwezi wa sita, meno yake yote yalikuwa yamekwisha. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana.

Sikuwahi kumwona mama mkwe wangu akitembea, na sitamwona. Nilikishika kile kisigino kilicholika, nikalia kama mtoto, na sioni aibu kulisema.

Nilipotulia nikagundua kwamba redio sikuifungulia, na mlango wa uwanjani ulikuwa wazi. Alijua nipo. Kutoka chumba cha nyuma nilisikia kijiko kinagonga sahani, taratibu, bila haraka yoyote. Kisha nikamsikia anamwambia binti yake amwongezee mchuzi.